Kwa Nini Umoja wa Wakristo Hukwamia Mezani

Mume ni Mlutheri, mke ni Mkatoliki. Wote wawili wamebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na kila kanisa linautambua ubatizo wa mwenzake. Mmoja akihamia upande wa pili habatizwi tena. Jioni wanasali pamoja, na wanawafundisha watoto wao Sala ya Bwana ileile. Jumapili wakienda misa, watu wanaposimama kwenda kukomunika, mume anabaki kwenye benchi. Anayemtazama kwa mbali atadhani ana dhambi kubwa iliyomkalia, kumbe hajakosana na yeyote. Ni utaratibu, na utaratibu huo una hoja zake, ila mtoto akiuliza "mbona baba haendi?" jibu halienei kwenye sentensi moja.

Umoja hauna mpinzani mimbarani. Yesu aliwaombea wafuasi wake wawe kitu kimoja (Yohana 17), nani atasimama kupinga? Vurugu huanza unapouliza ni umoja wa namna gani. Kuna anayewaza utawala mmoja, askofu mmoja, katiba moja. Kuna anayetaka wote waabudu kwa namna moja, na kwa kawaida namna hiyo ni ya kwake. Mwingine anaridhika kila mtu abaki kwao, tusalimiane tu vizuri tukikutana msibani. Katikati ya hayo yote limepotea jambo ambalo Agano Jipya linalishughulikia kwa kirefu: kumpokea mtu ambaye bado hamjakubaliana. Na ukilifuatilia jambo hilo tangu mwanzo, unagundua kwamba mara nyingi halikuamuliwa kwa maneno. Liliamuliwa kwa chakula, yaani nani anakaa kula na nani.

Petro alipohama meza

Kisa chenyewe kiko Wagalatia 2. Antiokia walikuwapo waumini Wayahudi na waumini wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, na Petro alipofika alikula nao bila neno. Kisha wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, na Petro akaanza kujitenga. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba naye akachukuliwa. Paulo anasema alimpinga ana kwa ana, tena mbele ya wote.

Petro alikosea wapi hasa? Hakuhubiri fundisho jipya, wala hakusema kwamba watu wa mataifa hawaokoki. Ungemuuliza swali hilo siku hiyohiyo angekujibu vizuri kabisa, maana ndiye aliyeingia nyumbani kwa Kornelio, mtu wa mataifa, akaona Roho akiwashukia waliokuwamo. Alichofanya ni kuhama meza tu. Kwa Paulo, kuhama huko kulitangaza kitu ambacho mdomo wa Petro usingethubutu kukitamka: ninyi ni waumini wa daraja la pili mpaka mtakapoishi kama sisi.

Jambo hili halihitaji azimio la sinodi ili litokee. Mgeni kutoka dhehebu lingine anakaribishwa, anaombwa asimame, anapigiwa makofi. Baada ya hapo miezi inapita. Hapewi zamu ya kusoma Neno, akitoa maoni watu wanatazamana, na kikao chenye maamuzi anasikia kimekwisha fanyika. Hakuna aliyemwambia si wa kwetu, na ungewauliza wangeapa kwamba wanampenda.

Nyumba za Roma

Sura inayochimba suala hili kuliko zote ni Warumi 14, ikimwagikia kwenye 15, na historia yake inasaidia kuielewa. Karibu mwaka 49 Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi kutoka Roma. Akila na Prisila walikuwa miongoni mwao, kama Matendo 18 inavyoeleza. Klaudio alikufa mwaka 54, na wakaanza kurudi. Paulo anaandika barua yake karibu mwaka 57, na kufikia hapo Akila na Prisila wameshapata tena makao Roma na kanisa linakutana nyumbani kwao. Wafafanuzi wengi huisoma sura ya 14 wakiwa na historia hiyo mkononi: waumini Wayahudi wanarudi na kukuta ibada zinaongozwa na watu wa mataifa, chakula kimebadilika, na siku walizozitunza tangu utoto hakuna tena anayezihesabu. Jengo moja la kanisa halikuwapo. Watu walikutana majumbani, na kila nyumba ingeweza kujifungia na desturi zake.

Basi wengine wanakula kila kitu, wengine wanakula mboga tu. Kwa wengine siku fulani ni takatifu kuliko nyingine, kwa wengine zote ni sawa. Paulo anawataja wenye nguvu na walio dhaifu, na hafichi yeye yuko upande gani: anasema ana hakika kwamba hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake. Maana yake jibu analo, na ni mtume. Angeweza kutoa waraka kwamba kuanzia sasa nyama ruksa na mjadala umefungwa. Hakuutoa.

Alichofanya ni kugawa maonyo mawili, na ugawaji wenyewe unaonyesha mtu aliyekaa makanisani muda mrefu. Anayekula asimdharau asiyekula. Asiyekula asimhukumu anayekula. Ni makosa mawili tofauti, kila moja na mwenyewe. Mwenye uhuru hamwiti mwenzake mwenye dhambi, anamcheka tu. Anamwona mtu wa sheria, mshamba wa kiroho, ambaye akisoma kidogo atafunguka. Mwenye msimamo mkali naye hacheki, anatilia shaka. Anajiuliza kama mwenzake ameokoka kweli, na huanza kumwombea kwa sauti inayosikika. Wanaojivunia neema wakikaa peke yao, sikiliza utani wao juu ya wenye mavazi marefu. Wenye mavazi marefu wakikaa peke yao, sikiliza wanavyowasikitikia waliolegea. Kila upande unaliona kosa la mwenzake kwa usahihi mkubwa, na ndiyo maana hakuna anayejiona amekosa.

Paulo anakata kwa swali moja: wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine? Hoja hapa si kwamba mambo yote ni sawa. Anasema kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe, kwa hiyo msimamo unatakiwa. Ila kazi ya kumsimamisha au kumwangusha mtumishi ni ya bwana wake, na bwana huyo, asema Paulo, tayari amempokea. Ukimkataa aliyepokelewa na mwenye nyumba, unabishana na mwenye nyumba.

Mstari wa kwanza wa sura hiyo una agizo ambalo makanisa mengi hulivunja kwa nia njema: mpokeeni, lakini si kwa ajili ya kuanza kubishana juu ya mawazo yake. Hapo ndipo mapokezi yetu mengi huanguka. Mtu anapokelewa kama mradi. Anapewa miezi sita ya kunyooshwa, na mapenzi anayoonyeshwa yanapanda na kushuka kulingana na maendeleo yake.

Halafu mzigo haugawanywi nusu kwa nusu. Warumi 15 inaanza kwa kusema wenye nguvu ndio wanaopaswa kuuchukua udhaifu wa wasio na nguvu. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwenye haki ndiye agharamike, na sababu yenyewe ni ya kimatendo. Anayejua kwamba nyama si kitu anaweza kuiacha leo asipoteze chochote. Anayeamini kwamba kuila ni dhambi hawezi kuila bila kuisaliti dhamiri yake. Mmoja ana nafasi ya kusogea, mwingine hana.

Kifungu hiki nacho hutumiwa vibaya. Kuna watu wameligeuza onyo la Paulo la kutomwekea ndugu "kwazo" kuwa fimbo: jambo lolote wasilolipenda, kuanzia gitaa hadi urefu wa nywele, wanasema limewakwaza, na kanisa zima linasimama. Kukwazika anakokusema Paulo ni kusukumwa kutenda kinyume cha dhamiri yako hadi ukaanguka. Kuudhika ni jambo lingine. Mzee aliyekaa kanisani miaka arobaini na akaunda kamati ya kupinga ngoma si dhaifu wa imani hata kidogo. Ni mwenye nguvu anayetumia fomu ya wanyonge.

Kisu kimoja, hukumu mbili

Sasa linakuja swali linalowatesa watu waaminifu: kupokeana kunaishia wapi? Kuna mambo ya kuvumiliana, na kuna mambo ambayo ukiyavumilia umeuza imani. Wengi hutafuta orodha, ubatizo wa watoto uwekwe huku, kunena kwa lugha kule, Sabato katikati. Orodha husaidia kiasi, lakini Paulo mwenyewe anaivuruga.

Matendo 16 anamtahiri Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, kwa sababu ya Wayahudi waliokuwa maeneo hayo. Wagalatia 2 anasema Tito, Myunani, hakulazimishwa kutahiriwa, na kwamba hakuwaachia nafasi hata kidogo wale waliotaka alazimike. Kisu ni kilekile na mtume ni yuleyule. Kilichobadilika ni uzito uliowekwa juu ya tendo. Kwa Timotheo tohara iliondoa kikwazo ili watu wasikilize. Kwa Tito ilikuwa inageuzwa kuwa mlango: bila hii, Kristo hakutoshi. Jambo dogo likishapewa kazi ya kuokoa linaacha kuwa dogo, na Paulo aliyekuwa mpole kwa wala mboga wa Roma anakuwa mkali kiasi cha kutamka laana katika Wagalatia 1. Kwa hiyo mbele ya tofauti yoyote kuna maswali mawili: jambo lenyewe lina uzito gani, na mwenzangu amelipa uzito gani? Ndugu anayepumzika Jumamosi kwa ajili ya Bwana ni mtu wa Warumi 14. Akianza kufundisha kwamba asiyepumzika siku hiyo hana Kristo, amehamia Wagalatia. Na anayemdhihaki kwa sababu ya Jumamosi yake hajatoka Warumi 14 pia, isipokuwa yuko upande wa wanaoonywa.

Mwenendo una mpaka wake. Katika 1 Wakorintho 5 Paulo anaagiza kanisa limtoe mtu anayeishi na mke wa baba yake, na analikemea kanisa kwa kujivuna badala ya kuhuzunika. Anasema kwa mtu anayeitwa ndugu na kuishi hivyo, msile naye. Meza tena. Lakini orodha aliyoiandika hapo haina wazinzi peke yao. Ina mwenye tamaa, mtukanaji, mlevi, mnyang'anyi. Tunajua mabinti waliotengwa na kanisa kwa ujauzito. Aliyetengwa kwa tamaa ya mali ni nadra kumsikia, na huenda ndiye aliyetoa viti.

Huyu ana njaa, na huyu amelewa

Mbele kidogo katika barua hiyohiyo, sura ya 11, kuna mgawanyiko usio na fundisho lolote ndani yake. Wakorintho walikutana kwa chakula cha Bwana, na wenye nafasi walitangulia kula chao. Waliokuja baadaye, wasio na kitu, walikuta sahani tupu: huyu ana njaa, na huyu amelewa. Paulo anawaambia kwamba wanachokula si chakula cha Bwana tena, na kwamba wanawaaibisha wasio na kitu. Dawa aliyowapa ni fupi: mngojane.

Ninaipenda sura hii kwa sababu inatufumbua macho kuhusu migawanyiko mingi tunayoivika joho la fundisho. Makanisa hugawanyika kwa fedha, kwa kabila, kwa lugha ya ibada, kwa nani anashika mhuri. Aya hutafutwa baadaye. Yakobo aliona kitu hichohicho katika sura yake ya 2: mwenye pete ya dhahabu anaonyeshwa kiti kizuri, maskini anaambiwa asimame pale.

Waliotofautiana wakala pamoja

Katikati ya karne ya 2 Polikarpo, askofu wa Smirna, alisafiri hadi Roma akakutana na askofu wa huko, Anicetus. Walikuwa na tofauti kubwa. Makanisa ya Asia yaliadhimisha Pasaka siku ya 14 ya mwezi wa Nisani katika kalenda ya Kiyahudi, iangukie siku yoyote. Roma waliadhimisha Jumapili. Walizungumza, na hakuna aliyemshawishi mwenzake. Polikarpo alisema hivyo ndivyo alivyofanya pamoja na Yohana. Anicetus alisema hawezi kuacha desturi ya waliomtangulia. Kisha Anicetus, kwa heshima, akamwachia Polikarpo aongoze Ekaristi, yaani chakula cha Bwana, kanisani kwake, wakaagana kwa amani.

Tunakijua kisa hiki kwa sababu ya ugomvi uliofuata. Karibu mwaka 190 Victor, askofu mwingine wa Roma, alitaka kuyatenga makanisa ya Asia kwa sababu hiyohiyo ya tarehe. Irenei wa Lyon, ambaye yeye mwenyewe aliadhimisha Jumapili, alimwandikia kumkumbusha Anicetus na Polikarpo. Alisema kutofautiana kwao katika kufunga kabla ya Pasaka kunathibitisha umoja wao katika imani. Barua hiyo imehifadhiwa kwa sehemu na mwanahistoria Eusebio.

Baadaye mkono ulizidi kuwa mzito. Baada ya Mtaguso wa Kalsedonia, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, makanisa ya Misri, Siria na Armenia yaliachana hatua kwa hatua na Konstantinopoli na Roma. Mwaka 1054 ndio unaokumbukwa kwa kutengana kwa Roma na Konstantinopoli, ingawa uhasama ulikuwa umepikwa muda mrefu. Zürich, Januari 1527, Felix Manz alizamishwa mtoni na Waprotestanti wenzake kwa kosa la kubatiza upya watu wazima. Oktoba 1529 Martin Luther na Huldrych Zwingli, kiongozi wa matengenezo ya Zürich, walikutana katika ngome ya Marburg. Katika vipengele 15 walikubaliana 14, na hata hicho cha 15, juu ya Meza ya Bwana, walikubaliana karibu chote isipokuwa kama mwili wa Kristo upo kweli katika mkate. Luther alikataa kumpa Zwingli mkono wa ushirika. Warithi wao barani Ulaya walikubaliana rasmi kushiriki mimbara na meza mwaka 1973, kwa Makubaliano ya Leuenberg.

Karne ya 20 ilirudisha mengi. Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliundwa Amsterdam mwaka 1948. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa hati yake juu ya umoja mwaka 1964, na tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo VI na Patriaki Athenagoras wa Konstantinopoli waliziondoa laana za 1054. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, fundisho la jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, lililokuwa kiini cha ugomvi wa karne ya 16.

Weka Roma ya Polikarpo na Augsburg kando kwa kando. Polikarpo na Anicetus hawakukubaliana, wakashiriki meza. Wa mwaka 1999 walikubaliana, na meza bado haijawa moja. Ulinganisho huu si wa haki kamili, maana tarehe ya Pasaka haina uzito wa fundisho la Ekaristi na daraja takatifu, yaani upadrisho. Lakini unatosha kuonyesha kwamba kukubaliana na kupokeana ni mambo mawili, na moja halileti lingine lenyewe.

Yule mume kwenye benchi

Nyuma ya benchi lile kuna mantiki mbili. Wakatoliki na Waorthodoksi wanasema Ekaristi ni ishara ya ushirika uliokamilika katika imani, sakramenti na uongozi. Kuishiriki kabla ya hapo ni kutangaza jambo ambalo bado si kweli. Waprotestanti wengi wanasema meza ni ya Bwana, siyo ya kanisa fulani, na kula pamoja ni njia mojawapo ya kuufikia umoja. Wako pia Wabaptisti wanaofungua meza kwa waliobatizwa tu wakiwa waumini, na hao humweka benchi Mlutheri na Mkatoliki pamoja. Hata Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 hazijafunga mlango kabisa: zinaruhusu, kwa masharti, Mkristo wa kanisa lingine apewe sakramenti akiwa katika hatari ya kufa au hitaji zito, na kwa Waorthodoksi wanaoomba wenyewe masharti ni mepesi zaidi.

Ukizijua mantiki hizo, mume yule hatadhani anaitwa mpagani, na mke hataona kwamba kanisa la mumewe linadharau kitu kitakatifu. Uchungu unabaki. Mimi nadhani ni afadhali ubaki, kuliko kuuzoea.

Mchango uliohofiwa kukataliwa

Kuna kipande cha Warumi 15 ambacho wahubiri hukiruka wakishamaliza mstari wa kupokeana. Paulo anasema anakwenda Yerusalemu kupeleka mchango: makanisa ya Makedonia na Akaya, watu wa mataifa, wamechangia maskini miongoni mwa watakatifu wa Yerusalemu. Wanawatumia fedha watu ambao baadhi yao wanatilia shaka kama wao ni waumini kamili. Kisha anaomba maombi mawili: aokolewe mikononi mwa wasioamini huko Uyahudi, na huduma yake ikubaliwe na watakatifu. Alikuwa na hofu ya kweli kwamba ndugu wangeikataa.

Matendo 21 inaeleza alivyofika. Ndugu walimpokea kwa furaha. Kesho yake, mbele ya Yakobo na wazee wote, baada ya kumsifu Mungu kwa habari zake, walimweleza tatizo: Wayahudi walioamini ni maelfu, wote wana bidii ya sheria, na wameambiwa kwamba wewe unafundisha watu kumwacha Musa. Wakampendekezea awachukue watu wanne waliokuwa na nadhiri, ajitakase pamoja nao na kuwalipia gharama za kunyoa vichwa vyao. Mtu aliyeandika Wagalatia angeweza kusimama juu ya uhuru wake. Alilipa, akaingia hekaluni pamoja nao, na humo ndimo alimokamatwa.